Baiskeli Ninayo Mimi

Kaka Mfaume, shikamoo.

Muhogo uko chunguni, nimeufunika. Kuku hawajapewa maji. Baiskeli usiitafute uani, ~~nimeiazima~~ nimeichukua.

Asubuhi gari alilotuahidi Kibwana halikuja. Daktari wa macho yuko Kivinje leo tu, na basi haliingii kijijini, linapita barabara kuu. Mama akaanza kulia. Nikatoa baiskeli.

"Mastura, utaniua! Nani kakufundisha?"

Nikamwambia, kaka alipokuwa akimfundisha Pazi, mimi nilikuwa natwanga huku natazama.

Nikampakia nyuma. Penye mchanga nilishuka nikasukuma, penye udongo mgumu nikapanda tena. Basi tulilikuta linataka kuondoka. Utingo akacheka, "Leo wanawake wameota magurudumu!" Mama yetu, yuleyule asemaye baiskeli si ya mtoto wa kike, akamjibu, "Funga mdomo, mwanangu kanifikisha. Wewe nipandishe tu."

Nimerudi nikapika, sasa naenda tena barabarani kumpokea. Wewe msikitini nenda kwa miguu.

Kibwana akija na gari lake, mwambie ahsante, mama ana mtu wa kumrudisha.

Mdogo wako,
Mastura