Aliyelala Upande Wako

Mume wangu,

Sisi huku hatujambo, sijui wewe. Nimenunua dabo besi, ile fidla kubwa inayonizidi kimo. Pesa tuliyoweka ya kununulia kochi ilitosha hii tu, yenye ufa mgongoni na nyuzi tatu badala ya nne. Niliifunika blanketi, tukaibeba ndani mimi na fundi viatu. Mtaa mzima ukatangaza nimeingiza mwanamume! Mama yako akaja mbio, akaikuta imelala upande wako wa kitanda. Akavuta blanketi kwa hasira, mkono ukagonga uzi, besi ikanguruma. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Muache alale, mwanangu," akasema. "Huyu angalau akiguswa anaitika."

Barua yangu ya tano hii, sijaona hata jibu moja.

Mimi, mkeo mpaka sasa.