Tatu Kati ya Tano

Jumatano, 24 Januari

Leo nimechimba shimo la theluji peke yangu. Baba bado ana plasta mguuni, kwa hiyo kazi yake ya kupima theluji ni yangu mpaka Pasaka. Sawa tu. Theluji haikuulizi mbona umenyamaza.

Chini kabisa kuna tabaka la chembe kama sukari. Hazishikani. Juu yake sentimita sitini za theluji iliyosukumwa na upepo, ngumu kama ubao. Nikakata nguzo ya theluji, nikalaza koleo juu, nikagonga. Mara kumi kwa kiganja – hakuna kitu. Pigo la kumi na moja, la kwanza kutoka kiwikoni – bonge zima likateleza mpaka mapajani mwangu. Laini, kama droo.

Halafu wakati wa kurudi, chini ya mteremko wa Costa Naira – vuum! Theluji yote ikashuka kidogo chini ya mbao zangu za skii. Niliusikia ule mlio zaidi tumboni kuliko masikioni.

Vipimo nimevituma kwa kompyuta. Mlio kama huo ni dalili kwamba mteremko unakaribia kukatika; unatakiwa kuripotiwa kwa simu ofisi ya theluji. Sikupiga. Kwenye simu ni Kijerumani, na Kijerumani changu ni cha daftarini. Kiromanshi chenyewe, lugha yetu ya nyumbani, kinanikwama kooni! Nikajiambia vipimo vinatosha.

Hata Baba sijamwambia. Mwoga mimi.

Alhamisi, 25 Januari

Taarifa ya saa kumi na moja jioni: hatari ya maporomoko ya theluji, daraja la tatu. Kati ya matano.

Jachen, kaka yangu, supu ya shayiri bado mdomoni: "Tatu! Katikati kabisa. Kama alama za Mengia za hisabati." Mama naye akanicheka.

Tatu siyo katikati, mpumbavu wewe! Kwenye tano watu wanajifungia nyumbani. Ni kwenye tatu wanakufa – jua limetoka, miwani mipya, mkate na soseji mkobani. Yote haya nayajua. Nikasema nini? "Naomba chumvi." Chumvi!

Jumapili ya mwisho ya Januari vijana wa chama cha kijiji, wale wasiooa, hupanda Costa Naira hadi kwenye msalaba wa kileleni. Mwaka huu Jachen ndiye kapteni wao. Tarehe haibadilishwi tangu enzi za babu wa babu. Kwani theluji ina kalenda?

Baba akauliza kama kweli watapanda. Jachen: "Baba, si wewe mwenyewe ulipanda mara tisa?" Basi. Baba akakuna plasta yake, akatazama dirishani. Nimemkasirikia yeye zaidi ya wote. Ndiye aliyenifundisha kugonga!

Ijumaa, 26 Januari

Nimejaribu. Nashuhudia mbele ya daftari hili kwamba nimejaribu.

Nilimfuata Jachen zizini. Nikamwambia bonge liliteleza kwenye pigo la kumi na moja. Hata hakugeuka. "Shimo lako ni shimo moja, mdogo wangu. Mlima ni mkubwa. Na jana kuna wageni wawili wameshuka palepale, alama za skii zao umeziona. Wamekufa?"

Hawajafa. Mteremko unaweza kupitisha wawili ukamla wa tatu! Nilikuwa naufikia ule mlio, naapa, neno lilishafika kwenye meno. Akaingia Duri, rafiki yake, na ndoo. "Lo! Bubu anahutubia leo! Ng'ombe nyamazeni!"

Nikatoka. Machozi ya hasira yaliganda kwenye kope kabla sijafika mlango wa nyumbani. Sikio la kufa halisikii dawa, sawa – lakini dawa yenyewe imesemwa?

Jumamosi, 27 Januari

Wametundika ngozi zao kwenye chumba cha kukaushia, kiwanda cha zamani cha jibini. Ndizo zinazobandikwa chini ya skii. Bila ngozi skii inarudi nyuma, huwezi kupanda hatua tatu.

Ufunguo wa chumba hukaa juu ya fremu ya mlango. Hukaa.

Jumapili, 28 Januari

Niko ndani. Nimefunga kwa ufunguo na kusukumia mlangoni benchi la chuma. Ngozi zote nimezikalia.

Walifika saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza walicheka. Halafu mateke. Duri ananiita kichaa, anasema atang'oa bawaba. Ang'oe!

Nimehesabu ngozi. Jozi kumi na mbili. Wao ni kumi na watatu.

Nimehesabu tena.

Duri huyo mlangoni: "Jachen ametangulia tangu saa kumi na moja kutukatia njia, we mjinga! Yuko peke yake! Akifukiwa atachimbuliwa na nani, na wewe?"

Sikujua. Kapteni hutangulia, na ngozi zake hulala naye nyumbani. Mambo ya chama hawatuambii wasichana. Wanampigia simu, haipatikani. Upande ule hakuna mtandao.

Nikifungua, kumi na wawili watamfuata njia ileile. Nisipofungua, yuko kule na hana hata mtu mmoja wa kumtafuta. Hiki ndicho nilichokifanya. Mimi, kwa mikono yangu, kwa kuwa mdomo haufanyi kazi!

Sasa magongo ya Baba barazani. Anawaambia wanyamaze.

"Mengia. Mwanangu. Mtu hafungi mlango kwa bonge moja. Ulisikia mlio, siyo?"

Naandika: ndiyo.

"Sikugombezi. Nitajie mahali tu. Tukijua mlio ulipotokea, vijana watapita msituni, watatokea juu kwenye ukingo, wamwite arudi. Tusipojua tunakisia. Wapi, mama? Kabla ya mkondo wa maji au baada?"

Baada. Baada ya mkondo, mkono wa kushoto, kwenye kibonde chini ya mwamba. Nimepaandika vizuri kabisa. Mwandiko hautetemeki hata kidogo.

Watu kumi na watatu nyuma ya mlango wanangoja nifungue mdomo, nami nimekaa hapa naandika!