Yai Kwenye Kope

3 Machi

Mke mwenzangu,

Hujambo huko bweni? Unakula? Mimi mzima, ila nyumba imepwaya kama kiatu cha kuazima. Anayeandika ni fundi viatu jirani yetu. Nimemwambia asinipambie maneno.

Umeniuliza mwili unajuaje kubaki na joto lilelile, maana mwalimu kakuchanganya. Mtoto wewe, umelala miaka kumi kando ya sanduku langu la kuangulia mayai, hukuona? Nabandika yai kwenye kope. Likiunguza, nafungua kifuniko, napunguza utambi wa taa. Likipoa, nafunga, naupandisha. Kitambo kidogo napima tena. Basi ndani yako yumo bibi kama mimi, wala halali. Ukipata joto anakutoa jasho, ukipata baridi anakutetemesha.

Na mwili ukidai, upe. Wangu siku hizi unadai kunywa mchana kutwa, nami naupa chai ya sukari ya kutosha na soda mbili. Nakojoa kama mvua, nimekonda hadi sketi inazunguka, na sisimizi wamehamia chooni. Uzee hauna adabu.

Bibi yako

14 Machi

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula. Sanduku lako nililieleza darasani, mwalimu akauliza umesomea wapi.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na sikucheka. Wiki hii tumefundishwa kwamba sukari ya damu nayo ina kiasi chake. Tukila, inapanda, kiungo kiitwacho kongosho kinatoa insulini, na hiyo inaiingiza sukari kwenye seli, nyingine inawekwa akiba kwenye ini. Ndiyo inayofungua kifuniko. Insulini isipotosha, au mwili usipoisikiliza, sukari inabaki kwenye damu, figo zinaimwaga kwa mkojo, na maji yanaifuata. Ndiyo kiu yako. Ndiyo sisimizi. Bibi, chai hiyo inapandisha utambi. Kunywa maji matupu, nenda zahanati leo. Usinijibu kwanza, nenda.

Mjukuu wako

6 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Wiki tatu sasa. Mlinzi wa geti akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza kama kuna barua. Mwezi huu ukiisha hujanijibu, naacha mitihani, nakuja.

Mjukuu wako

17 Aprili

Mke mwenzangu,

Usije. Salamu zitafuata, kwanza kaa hapo ulipo.

Sikwenda zahanati siku ile. Nilisema mtoto wa juzi hanifundishi chai. Siku ya nne nikaanguka kando ya sanduku. Fundi akanibeba mgongoni, nami namwambia, "Mayai kwanza, mpumbavu wewe." Nikalazwa siku kumi na mbili. Sukari ilipanda hadi daktari akapima mara mbili, hakuamini. Nilimwonyesha barua yako, akasema, "Ungemsikiliza huyu, usingelala hapa." Nikamwomba anisomee tena. Unanijua, mimi siombi. Nami ndiye niliyemkataza fundi asikuandikie, usije ukaacha shule kwa ajili ya mwanamke mkaidi.

Sasa natumia dawa, na kila asubuhi natoboa kidole, napima. Yule bibi wa ndani kachoka, basi namshikia zamu.

Fundi alibaki na sanduku, akabandika mayai kwenye kope hadi jicho likavimba. Yalikuwa arobaini, wametoka vifaranga ishirini na sita. Si haba kwa mtu wa gundi na misumari.

Nakutamani, sikufichi. Kila nikifunga kifuniko, mkono unapapasa pale pembeni ulipokuwa ukilaza kichwa. Lakini kifaranga harudishwi kwenye ganda, hata mama yake alie vipi. Fanya mtihani. Wakikuuliza mwili unajuaje, waandikie: haujui, unapima, unarekebisha, unapima tena. Nami ndivyo ninavyoishi na hizi siku zisizo na wewe mpaka shule ifungwe.

Haya, sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Unakula?

Bibi yako