Daftari la Mama la Kliniki

Muthara, Jumanne

Ndugu yangu Mutuma,

Natumaini baridi ya Timau haijakuzidi. Huku mvua imenyesha vizuri, ng'ombe amezaa, na duka langu linaendelea. Nakuandikia kwa sababu kwa simu nitalia tu.

Mama hatoki kitandani sasa. Jana nikitafuta shuka ya kumbadilishia, nilipata lile daftari analoandikiwa kliniki. Tangu Januari daktari ameandika mara nne: "Aje na mtoto wake." Sisi alituambia ni vidonda vya tumbo.

Nilienda kwa daktari nikiwa nimelishika. Akashangaa. "Kumbe huyo ni mama yako? Aliniambia watoto wake wote wako mbali, hawawezi kuja." Kisha akanieleza kwamba uvimbe umeenea, na dawa iliyobaki ni ya kutuliza maumivu.

Njoo Ijumaa hii, usingoje mwisho wa mwezi.

Mutuma, duka langu linatazamana na mlango wa kliniki hiyo. Kila alipotoka alinipungia mkono, nami nikampungia, nikaendelea kupima sukari.

Dada yako,
Kinya