Pai ya Pekani Imetangulia Atlanta

Jumatano, 4 Juni
Ndiyo, bado nalala na fulana yake. Nani ananiona? Bibi harusi mpya niko hapa Monroe nanusa fulana, na Lavelle wangu yuko Atlanta! Mhudumu wa ndege mgeni kazini hupangiwa kituo, hachagui. Jana kwenye simu akanitania: hata Delta yenyewe, kampuni yake ya ndege, ilianzia hapa kwetu, vindege vya kunyunyizia pamba dawa, ikakua, ikatuacha, ikahamia Atlanta. Nikamwambia Delta haikuwa na mke!

Jumamosi hana zamu. Mara ya kwanza tangu harusi. NAKWENDA. Wake wa wafanyakazi tunasafiri bure — kiti kikibaki.

Alhamisi, 5 Juni
Kutwa nzima nachungulia viti kwenye simu kama kichaa. Ndege ya kesho jioni — kimebaki kimoja. Kimoja! Changu! Nimepiga kelele paka akaingia uvunguni. Nimeoka pai ya pekani, zile njugu tamu za kwetu. Nimepasi gauni la manjano.

Furaha ilinizidi peke yangu, nikampigia mama mkwe. Mama Ernestine yuko kaunta ya Delta kwenye uwanja wetu wa ndege tangu Lavelle hajazaliwa. Akauliza, kiti kimoja tu? Nina hakika? Nikamtajia mpaka saa ya kuondoka. Akaaga haraka. Nikadhani ameguswa na mapenzi yetu.

Ijumaa, 6 Juni
Niko uwanjani. Bado.

Nilifika mapema, nimejipulizia manukato ya kutosha abiria wote. Kwenye skrini ya wanaosubiri viti, jina langu juu kabisa! Nikalipiga picha, nikamtumia Lavelle na mioyo tele.

Kisha jina likashuka. La pili. Juu yake: E. Mouton.

Nikageuka. Mama mkwe! Kofia ya kanisani, sanduku mkononi.

"Usininunie, mwanangu. Aliyeajiriwa zamani ndiye anayetangulia. Wewe unapanda kwa tarehe ya Lavelle, na Lavelle kaajiriwa juzi."

"Lakini mama, mimi ni mkewe!"

"Na mimi nimemzaa. Hapo pia nimekutangulia."

Dada wa mlangoni akainama ghafla kutafuta kalamu. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

"Hiyo pai nipe," mama akasema. "Itaharibika bure."

Nikampa! Kwa mikono miwili! Tena nikamwambia safari njema!

Lavelle kapiga sasa hivi. Kafua mashuka, kanunua maua, anauliza kama nimeshakaa. Nikamwambia kiti kimepata mwenyewe — mama yake.

"Mpenzi... chumba kina kitanda kimoja."

"Basi atakilalia yeye. Wewe kalalie maua."

Tukacheka mpaka nikalia. Au nililia kwanza, sijui.

Ndege bado imesimama pale nje, mlango umefungwa. Naona kofia dirishani. Inanipungia mkono. Nami nimepunga — bibi harusi wa manukato, bila mume, bila pai!

Nimemwandikia Lavelle: kabla ya Juni kwisha nitakuja, wallahi, hata kwa kuzungukia Dallas na kampuni nyingine ya ndege, kwa tiketi ya kulipia ambayo hakuna wa kunitangulia. Siku nitakuambia wewe tu. Mama asijue!