Gita la Mwanamke wa Pichani

Jumatatu, 5 Machi 1979

Mutua, huna haya. Miaka thelathini na minane mimi ni mkeo, leo umeshusha picha yetu ya harusi ukutani ukapachika mzungu wa kuchorwa! Mwanamke wa kale, kifua nusu wazi, amekumbatia gita lenye tumbo kama papai. Picha kaileta Mama Kalunde, yule mjane wa kwaya. Kaichana kwenye kitabu kikuukuu. Anataka achongewe gita kama lile, alipige kanisani siku ya Pasaka. Mzee wangu akaitikia hata hajamaliza kusema. Mimi nimemwomba mwiko tangu Krismasi. Sijauona.

Jumatano, 7 Machi

Uji umepoa mbele yake. Anatazama picha, anahesabu nyuzi. Mkaza mwanangu Ndinda ananicheka. "Mama, wivu wa nini? Huyo si alikufa zamani!" Simwonei wivu aliyekufa. Namwonea huyu aliyekuja jana na leo tena, amejipaka mafuta mpaka viwiko, eti kuangalia kazi. Vumbi la mbao nalo linaangaliwa?

Jumamosi, 10 Machi

Mutua alipokwenda kuoga nililigonga hilo gita. Du. Zito kama jiwe la kusagia. Picha inaonyesha mbele tu, mgongo hauonekani, basi yeye kauacha mgongo mnene kama wa vifaru anavyowachongea watalii. Mimi nimelelewa na vibuyu. Mama alinifundisha: ganda nene halina sauti.

Nimenyamaza. Aaibike mbele ya mjane wake. Nimefurahi, sifichi.

Jumapili, 11 Machi

Walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, Mama Kalunde na wanakwaya wanne. Mjane akapiga nyuzi. Kama kugonga ukuta. Akacheka mpaka akashika mlango. "Baba Kyalo," akamwambia Mutua, "nilitaka gita, umenipa kinu!" Wote wakaangua kicheko. Mutua naye akajichekesha.

Siku hii niliingoja. Haikuwa tamu hata kidogo. Nikawaambia chai imekwisha, nendeni. Birika lilikuwa limejaa.

Mjinga ni mimi. Nilijua, nikamwacha mume wangu achekwe ndani ya nyumba yangu.

Jumanne, 13 Machi

Mvua kidogo. Asubuhi nilimwekea kibuyu changu cha maziwa sikioni, nikakigonga. Kisha nikagonga gita. Akanitazama. Hakuuliza nilijua lini. Amebandua ubao wa mbele, anakomba ndani polepole. Nimekaa karibu, nachambua maharagwe.

Wivu bado ninao. Haujaenda popote.

Sasa sikia, Mutua. Komba mpaka mgongo uwe mwembamba kama ganda la kibuyu. Ukimaliza, gita lisivuke mlango huu. Kaa hapa kwanza, unipigie mimi.