Nguzo ya Kwanza Mundika

Mtaa wa Mundika,
Busia.
9 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Oundo,

Pokea salamu zangu huko Musoma. Mguu unaendeleaje? Binti yako Truphena aliniandikia kwamba sasa unafika kisimani bila mkongojo, nami nikamshukuru Mungu. Mimi mzima, ila macho tu. Gazeti nalisomea nje, penye mwanga.

Mundika usingeitambua. Nyumba za ghorofa zinachipuka katikati ya mihogo, na ng'ombe wanafungwa kwenye nguzo za stima. Upepo ukitoka mpakani nasikia malori yakinguruma kwenye foleni. Miaka ishirini na miwili tangu mto Nzoia ufurike na kututoa Budalang'i, bado nimepanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusagia cha Nabwire, wala hajanisumbua hata siku moja.

Kaka, kuna jambo nilikuficha. Miaka minne iliyopita nilinunua kiwanja kidogo hapa. Nikapanga matofali, kisha nikaacha. Unajua kwetu mtu hafungui boma mpaka mkubwa wake amchimbie shimo la nguzo ya kwanza, na mkubwa wangu aliyebaki ni wewe. Ningekuambia, ungepanda basi na mguu huo. Nikangoja upone.

Majirani waliona matofali yanaota nyasi wakadhani nimeishiwa. Mwezi wa Machi Alaso, mwenyekiti wa chama cha akina mama, alikuja na wenzake, mabati kumi na mawili kichwani.

"Mzee, usione haya," akasema. "Hata sisi tulianza hivyo hivyo."

Ilinibidi niseme ukweli. Walicheka hadi wakaketi chini. Mzee Emukule, jirani yangu wa kabila la Wateso aliyetoka Kocholia, hakucheka.

"Nimekuzidi miaka sita," akasema. "Leta jembe."

"Lakini wewe si wa kwetu."

"Na hapa ni kwenu? Si tumekaa na wewe tu? Leta jembe, mzee, jua linapanda."

Alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Nguzo iliposimama alivua kofia akaomba kwa Kiteso. Nilichoelewa ni jina lako tu, maana alikuwa ameniuliza unaitwaje. Hapo machozi yalinitoka. Nimesoma vitabu vingi juu ya watu waliopoteza kwao. Vingi hueleza mtu alivyofukuzwa, vichache mno alivyopokelewa.

Mabati ya akina mama yametosha. Nyumba ina vyumba viwili na mlango unaotazama mashariki. Lakini bado nalala kwa Nabwire. Sitaki kuwasha moto humo huku wewe una kinyongo. Kama nguzo ile imekuvunjia heshima, nitaiondoa na kungoja mguu wako, ingawa sijui nitamtazamaje Emukule. Kama umeikubali, mwambie Truphena anipigie simu, aseme tu niingie. Kila asubuhi Emukule ananiita juu ya ua: "Kaka amesemaje?" Hajui kuwa sijakuambia; ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Nisalimie shemeji Everlyne, Truphena, na Mathews aliyerithi jina la baba. Mungu aliyetuvusha maji yale akutie nguvu magotini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Methuselah